Tamasha Likiisha, Mfukoni Kumebaki Nini?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii huwahusu wenye maduka makubwa, lakini yamhusu pia mama anayekaanga samaki pembeni mwa tamasha. Ngoma zikilia na watu wakijaa, kila mmoja husema, "Mwaka huu mji umepata fedha!" Je, ni kweli? Na aliyezipata ni nani?

Tuutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Mwezi Februari 2004 lilianza hapo tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe. Wageni hutoka Bara, Kenya, Ulaya na kwingineko. Hulala katika nyumba za wageni, hupanda teksi, hula Forodhani, hununua kanga na viungo. Fedha hizo zipo. Kazi ni kuzihesabu sawasawa.

FEDHA MPYA NA FEDHA ZILE ZILE

Mgeni aliyepanda boti kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya tamasha ameleta fedha mpya. Lakini mkazi wa Ng'ambo aliyekula mishikaki Forodhani usiku ule, huenda fedha hiyo angeitumia sokoni Darajani wiki hiyo hiyo. Imehama mfuko tu. Vivyo hivyo mtalii ambaye angekuja kuogelea hata kama ngoma zisingepigwa. Kwa hiyo kuhesabu vichwa mlangoni hakutoshi. Ni lazima wageni waulizwe: Umetoka wapi? Umekuja kwa ajili ya tamasha? Utalala siku ngapi, na umetumia kiasi gani?

NDOO INAYOVUJA

Fedha ikiingia, si yote inayobaki. Mwenye hoteli akiwa anaishi mbali, faida humfuata huko. Mchele mwingi huletwa kwa meli, na mboga nyingi hutoka Bara. Lakini shilingi aliyolipwa mvuvi, naye akamlipa fundi cherehani, na fundi akawanunulia watoto maziwa, hiyo imefanya kazi mara tatu katika mji ule ule. Tamasha lenye manufaa ni lile linalonunua kwa wenyeji.

HESABU YA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano. Mama ameuza chakula kwa siku nne, akapata shilingi 300,000. Amefurahi! Sasa tutoe: samaki, unga, mafuta na mkaa 180,000, msichana wa kumsaidia 20,000, meza na ushuru 20,000, nauli 10,000. Jumla 230,000. Zimebaki 70,000. Lakini siku nne za kawaida, pale kwenye genge lake, hupata faida ya 30,000. Basi tamasha limemwongezea 40,000 tu. Si haba, lakini si 300,000. Na kama alikopa mtaji kwenye kikundi, riba nayo itoke humo. Samaki waliolala bila kununuliwa je? Hao ni hasara. Wasiuzwe kesho yake wala wasipewe watoto, maana ugonjwa wa tumbo utakula faida yote.

Zipo pia gharama ambazo hakuna anayeziandika. Kodi ya vyumba hupanda, na mpangaji akaombwa ahame kumpisha mgeni. Taka hurundikana, maji hupungua, na watoto hulala peke yao mama akiwa sokoni hadi usiku wa manane. Hesabu ya mji isiyotaja mambo haya ni nusu ya hesabu.

KUPIMA MARA MOJA HAKUTOSHI

Sisi wauguzi hatumpimi mtoto uzito mara moja tukasema amekua. Tunatazama kadi: mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi? Tamasha nalo lipimwe hivyo, kabla, wakati wake, na baada yake. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, kisha ikarudi 2017. Mwaka kama huo una mafunzo. Mwenye daftari la Februari 2015, 2016 na 2017 anaweza kuona pengo, ingawa akumbuke kwamba bei za vitu na idadi ya watalii hubadilika hata pasipo tamasha.

MAMA, UFANYE NINI?

1. Andika mauzo na matumizi kila jioni, kabla hujalala.
2. Jilipe ujira wako. Jasho lako nalo ni gharama.
3. Usikope zaidi ya unachoweza kulipa hata mvua ikinyesha na wateja wasije.
4. Panga mapema nani atakaa na watoto.
5. Baada ya tamasha, kaeni kikundi kizima mjumlishe madaftari yenu.

Viongozi wakikutana kupanga ushuru wa meza na nafasi za biashara kwa mwaka ujao, wapelekeeni jumla hiyo. Anayelalamika kwa mdomo huambiwa asubiri. Anayekuja na daftari la akina mama ishirini huvutiwa kiti.