Smith na Smith

Smith ni jina la mhunzi. Hapo kale, huko Uingereza, mfua chuma aliitwa hivyo kwa kazi yake, na kwa kuwa hapakukosekana mhunzi vijijini, jina lilienea hata likawa la ukoo wenye watu wengi kupita koo zote nchini humo. Alikuwa nalo Adam Smith wa Scotland, ambaye kitabu chake cha mwaka 1776 kimekuwa msahafu wa mabepari. Ingawa humo aliandika pia kwamba kazi ya mtumwa ndiyo ghali kuliko zote, na hilo wanaomsifu hawalitaji sana. Lakini haja yetu leo ni kwa Smith wengine wawili.

Ian Smith alizaliwa mwaka 1919 katika Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mtoto wa muuza nyama aliyehamia kutoka Scotland. Tarehe 11 Novemba 1965 alitangaza uhuru wa walowezi. Uingereza ililaani, isitume askari. Mwezi uliofuata Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi nayo. Mwaka 1976 bwana huyu alisema haamini kwamba Waafrika walio wengi watatawala, hata kwa miaka elfu. Walitawala baada ya minne.

Tommie Smith alizaliwa Texas mwaka 1944, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa kwamba jina jema ni haki ya mtoto kwa mzazi wake. Waafrika waliouzwa Marekani walinyang'anywa hata haki hiyo, na wajukuu wao wengi wakabaki na majina ya mabwana.

Tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico, Tommie alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi mpya ya dunia. Akapanda jukwaani bila viatu, na wimbo wa taifa ulipopigwa akainamisha kichwa, akainua ngumi yenye glavu nyeusi. John Carlos, wa tatu, alifanya vivyo hivyo. Wote wawili walifukuzwa katika timu yao.

Ngumi ile inakumbukwa, madai yamesahauliwa. Umoja wa wanariadha ambao beji yake ilivaliwa na washindi wote watatu, akiwamo Peter Norman, Mzungu wa Australia, ulidai Afrika Kusini na Rhodesia zisipokewe katika Olimpiki. Yaani, ndugu msomaji, Smith mmoja alikuwa akimfungia mlango Smith mwenzake. Mwaka 1972 wanamichezo wa Rhodesia walikwisha kufika Munich. Nchi za Afrika zikatishia kususia, na siku nne kabla ya ufunguzi mwaliko wao ukafutwa.