Mshahara wa Muuguzi na Kodi ya Nyumba Mjini

 

Kalamba ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni, Ukambani. Pwani na Ukambani ni majirani wa tangu na tangu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremka hadi Mombasa na pembe za ndovu, na leo wajukuu wao tunaishi nao Changamwe, Mikindani na Likoni, na wengine twasimama nao safu moja msikitini. Miongoni mwao wamo wauguzi wanaotuhudumia hospitalini. Binti wa upande wa Kalamba husoma, huhitimu uuguzi, kisha hutamani kazi Mombasa au Nairobi, na jamaa zake humtia shime kwa hoja moja: mjini mshahara ni mkubwa. Wiki hii twaitazama hoja hiyo, kwani ndani yake mna hesabu ambayo familia nyingi hazijaifanya, na hesabu hiyo yatugusa sisi wenye nyumba za kupangisha kuliko tunavyodhani.

Kinachoongezwa na kinachofika mkononi

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa kazini au karibu na kazi, ama amlipe, juu ya mshahara wake, fedha za kutosha kupanga makao kama hayo. Uzito wa maneno hayo uko katika "za kutosha". Kwa watumishi wa umma, Tume ya Mishahara na Marupurupu hupanga marupurupu ya nyumba kwa kutazama cheo na mahali. Nairobi iko juu, hufuatwa na miji mikubwa kama Mombasa na Kisumu, kisha miji midogo, na mwisho sehemu zote zilizobaki. Basi ni kweli kwamba muuguzi akihamia mjini, hati yake ya mshahara husoma zaidi.

Lakini marupurupu hayo hutozwa ushuru kama mshahara wenyewe. Tuchukue mfano, na kiasi cha nyongeza na cha kodi tunachokitaja ni cha mfano tu. Wauguzi wawili wa cheo kimoja, mmoja yuko Kalamba na mwenzake Mombasa, na wa Mombasa amezidishiwa shilingi 5,000 za nyumba. Mapato yanayotozwa ushuru yakishapita takriban shilingi 32,300 kwa mwezi, kila shilingi ya ziada hutozwa asilimia 30. Kabla ya hapo hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu. Makato hayo matatu yakishapita, kati ya zile 5,000 zinazofika mkononi ni kama shilingi 3,350, na hapo hatujagusa mchango wa pensheni.

Sasa tuseme aliyeko Kalamba amepanga nyumba ya shilingi 6,000, na wa Mombasa amepata ya ukubwa huo huo kwa 15,000. Tofauti ya kodi ni 9,000, na nyongeza iliyomfikia ni 3,350. Kila mwezi amepungukiwa na shilingi 5,650. Ongeza nauli ya matatu ya shilingi 100 kwenda na kurudi kwa siku 20 za kazi, upungufu wapita 7,600. Bado hajanunua maji ya mkokoteni siku ambazo mifereji imekauka, na wakazi wa Mombasa twajua siku hizo ni nyingi. Yule ambaye hati yake ina tarakimu kubwa ndiye mwenye mkono mtupu kabla ya mwezi kwisha.

Ulinzi wa sheria unapokoma

Sheria hiyo hiyo ya Ajira, katika kifungu cha 19, yakataza makato ya mshahara yasizidi thuluthi mbili, ili mfanyakazi abakiwe na angalau thuluthi moja. Ulinzi huo ni mwema, ila wahusu yale yanayokatwa na mwajiri. Mwenye nyumba hayumo ndani ya hati ya mshahara. Yeye hulipwa kutoka katika ile thuluthi iliyookolewa, na muuguzi mwenye mkopo wa chama cha akiba huweza kuikabidhi karibu yote.

Ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, iliyotungwa kumlinda mpangaji asipandishiwe kodi kiholela. Lakini yahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nani leo apataye nyumba ya mtu na familia yake kwa fedha hizo katika Mombasa au Nairobi? Sheria ipo kitabuni na mpangaji yuko nje yake.

Tukumbuke vilevile ile ada ya nyumba. Ilianza kukatwa mwaka 2023, Mahakama Kuu ikaibatilisha mwezi wa Novemba mwaka huo, kisha ikarejeshwa kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Muuguzi huchangia kila mwezi ujenzi wa nyumba, naye angali anahama mtaa kwa mtaa akitafuta kodi iliyo nafuu. Na hali ya wale walioajiriwa mwaka 2020 kwa mikataba, chini ya mpango wa afya kwa wote, ilikuwa nzito zaidi, kwani wengi walilipwa chini ya wenzao wa kudumu, ilhali mwenye nyumba hatofautishi wa mkataba na wa kudumu.

Gharama hii humwangukia mgonjwa

Kodi ikizidi, muuguzi huenda kukaa mbali. Kazi yake haina saa moja: yuko wa asubuhi, wa alasiri na wa usiku. Anayefanya kazi hospitali iliyoko kisiwani na kulala Likoni huvuka kivuko gizani, tena wengi wao ni wanawake. Wengine hutafuta kibarua katika zahanati ya binafsi baada ya zamu, wakaja wodini na usingizi machoni. Mkono huo uliochoka ndio unaompima dawa mama yako na ndio unaompokea mwanao anapozaliwa. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba wakidai maslahi yao, na twakumbuka jinsi wajawazito wasio na uwezo walivyotaabika.

Wengine huvuka bahari. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiana saini mkataba wa kupeleka wauguzi huko. Katika hospitali za umma za Uingereza, afanyaye kazi katikati ya London huongezewa asilimia 20 ya mshahara kwa sababu ya ughali wa mji, wa pembezoni mwa London asilimia 15, na wa maeneo yanayopakana nayo asilimia 5, kwa kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Hata hivyo London si rahisi kwa muuguzi, lakini nyongeza yake hupanda mshahara unapopanda. Ikitungwa kwa namna hiyo kwetu, isingebaki nyuma miaka mingi kodi zikienda mbele.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwanza, wazazi na mabinti. Kabla ya kuomba uhamisho, hesabuni kinachobaki baada ya kodi, nauli na maji, msihesabu kinachoandikwa juu ya hati. Mkataba wa nyumba uwe wa maandishi, na amana ya nyumba itolewe risiti. Wauguzi wawili wanaoaminiana wakishirikiana nyumba moja karibu na hospitali, huokoa fedha na usalama wao. Na mikopo ya simu yenye riba isiwe ndiyo ya kulipia kodi, maana huzaa deni juu ya deni.

Pili, waume. Maskani ya mke ni wajibu wa mume, na hilo halina khitilafu baina ya wanazuoni. Mshahara wa mke ni mali yake. Tumeona nyumba ambamo mume, kwa kuwa mkewe ana hati ya mshahara, amemwachia kodi mwaka baada ya mwaka, naye akaona ni jambo la kawaida. Mke akisaidia kwa ridhaa yake, ni sadaka na ana ujira wake kwa Mola. Akilazimishwa, hiyo ni dhuluma hata kama jirani hajui.

Tatu, sisi wenye nyumba, wanaume kwa wanawake, maana dada zetu wengi wamerithi vyumba vya kupangisha katika mitaa yetu ya zamani. Biashara ni halali na faida ni halali. Lakini tujiulize, kabla ya kupandisha kodi: je, gharama yetu imepanda, au tumeona tu kwamba mpangaji hana pa kwenda? Na kamati zetu za wakfu zenye nyumba karibu na hospitali zaweza kutenga vyumba vichache kwa wauguzi, kwa kodi ya wastani, wa dini yoyote, kwani nao huwatibu watu wa dini zote.

Bibi Rufaida al-Aslamiyya, Allah amridhie, aliwauguza majeruhi wa Vita vya Khandaq katika hema lake pale msikitini Madina. Hakuambiwa atafute pa kukaa nje ya mji. Aliwekwa katikati, karibu na wagonjwa wake na karibu na jamaa. Nasi wauguzi wetu tuwaweke karibu.

Twamwomba Allah awabariki wanaokesha na wagonjwa wetu, azipanue riziki zao, na atupe sisi wenye nyumba insafu katika tunachotoza. Amin.