Mgodi wa Dhahabu na Siri ya Kuwepo Kwetu

Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua kuwa mgodini hutafutwa dhahabu. Lakini upo mgodi unaotafutiwa elimu.

Kila kitu, hata dhahabu ya Bulyanhulu, kimeundwa kwa chembe ndogo mno za maada. Mwaka 1928 Paul Dirac aliandika hesabu iliyoonyesha kuwa elektroni ina pacha mwenye chaji ya kinyume. Mwaka 1932 Carl Anderson akamgundua. Mapacha wa namna hii huitwa antimata. Chembe ikikutana na pacha wake, zote hutoweka, hubaki nishati.

Wanasayansi wanasema hapo mwanzo maada na antimata vilikaribia kulingana, vikamalizana. Ilibaki ziada ya chembe moja hivi kwa kila bilioni, na ziada hiyo ndiyo sisi. Ilitoka wapi?

Mgodi wa Homestake, Marekani, ulifungwa mwaka 2002. Humo, kilometa 1.5 chini, inajengwa mitambo ya utafiti wa DUNE, kwa kuwa mwamba huzuia miale ya angani. Chembe ziitwazo nyutrino na mapacha wao zitarushwa ardhini kutoka maabara ya Fermilab, kilometa 1,300, ionekane kama zinabadilika tofauti njiani.

Jibu bado linatafutwa, basi tusidai limekwisha kupatikana. Muumba tunamjua, uumbaji wake tumeamrishwa kuutafakari. Mwanafunzi, usiache hesabu ukakimbilia mashimoni. Yapo mashimo yanayomngoja mwenye elimu.