Je, Wajua? Kamba wa Naivasha na Ugonjwa Usioonekana

Kamba mwekundu wa maji baridi anayevuliwa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, ni mgeni. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Aliingizwa ziwani mwaka 1970.

Kamba wa jamii yake huweza kubeba *Aphanomyces astaci*, kimelea kinachofanana na kuvu, bila kuugua sana. Kamba asilia wa Ulaya wakiambukizwa, hufa kwa wingi. Ugonjwa huo, uitwao tauni ya kamba, umewaangamiza tangu karne ya 19.

Atagunduliwaje mbebaji anayeonekana mzima?

• Gamba: Kipande cha gamba laini la tumboni hupimwa maabara kwa kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR, ili kuona kama kina vinasaba vya kimelea.

• Maji: Maji ya ziwa au mto huchujwa, kisha vinasaba hutafutwa kwenye kichujio. Hakuna haja ya kumkamata kamba hata mmoja.

Kimelea hiki hakimwambukizi binadamu, lakini husafiri kwenye nyavu na mitego yenye unyevu. Ndiyo maana wavuvi hushauriwa kuvikausha kabisa vifaa kabla ya kuhamia maji mengine.