Ua Lako Linaumwa, Halijarogwa!

Wiki hii tuache kidogo habari za viwalo na muziki, tuongelee wale wapangaji wenu wasiolipa kodi, yaani maua ya kwenye kopo pale pembeni ya tivii.

Maana siku hizi ukiingia geto lolote, iwe Sinza, Kinondoni au Tabata, utakuta mani planti imetambaa hadi dirishani. Raha tupu! Kasheshe linaanza majani yakinyong'onyea. Dada mmoja jirani yangu aliniambia bila kupepesa macho, "Kaka, hapa kuna mkono wa mtu."

Nikageuza jani. Mkono wa mtu wapi! Chini yake kulikuwa na vitu vyeupe kama vijipamba, vimejibana penye maungio ya shina. Hao ni vidung'ata, binamu wa wale walioitesa mihogo ya Afrika tangu miaka ya 1970, mpaka wataalamu walipoleta kinyigu kidogo kutoka Amerika Kusini kikawatia adabu.

Kilichonitisha siyo wadudu, ni chupa ya sumu ya shambani aliyokuwa ameinunua, anataka kuipuliza kwenye chumba hicho hicho anacholala na mtoto wake wa miezi minane. Nikamwambia airudishe dukani kabla hajaifungua. Sumu ile ni ya shambani penye upepo. Ndani inaganda kwenye godoro, pazia na sakafu, na mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni ndiye wa kwanza kuumia. Ua la buku mbili lisikuletee msiba, bwana!

Dawa ya vidung'ata ni pamba iliyochovywa spiriti ya duka la dawa. Mguse mmoja mmoja, mbali na jiko maana spiriti inawaka. Jaribu jani moja kwanza, usubiri siku moja uone kama haliungui.

Ukiona jani lina vidoto vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, huyo ni utitiri. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoto vikianza kutembea, umempata. Anapenda joto na ukavu, na kwenye joto letu anakua kutoka yai hadi mtu mzima kwa wiki moja hivi. Mwoshe kwa maji ya nguvu, hasa chini ya jani. Halafu puliza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita 1 ya maji, jioni, kila baada ya siku tano, mara tatu. Ukipuliza mara moja ukaacha umechemsha, kwa sababu mayai yanabaki.

Je, jani limepakaa masizi? Huo ni ukungu mweusi, hauli jani bali unalizibia mwanga. Unaota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu, ndiyo maana sisimizi nao wanapiga foleni. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha wasake wadudu wenyewe.

Na ukungu mweupe juu ya udongo, pamoja na vijinzi vyeusi vinavyokurukia usoni? Hapo unamwagilia mno. Ingiza kidole, kama bado kuna unyevu acha. Kopo lisilo na tundu chini litoboe leo. Kama udongo unanuka uvundo, ng'oa, kata mizizi myeusi iliyolainika, panda upya kwenye udongo mwingine.

La mwisho, ua jipya kutoka kwa wauza maua wa barabarani liweke peke yake wiki mbili kabla hujalichanganya na wenzake. Mgeni hakaguliwi mlangoni, lakini ua likaguliwe.

Tukutane wiki ijayo, na jirani muombe radhi!