Utando wa kusafishia damu

Utando wa kusafishia damu ni ngozi nyembamba yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, inayotumika kuondoa taka mwilini figo zinaposhindwa kufanya kazi. Katika mashine za kisasa huwa na umbo la maelfu ya mirija myembamba ndani ya chujio moja. Damu hupita ndani ya mirija, na maji maalumu hupita nje yake kwa mwelekeo wa kinyume.

Utendaji

Taka ndogo kama urea (daltoni 60) na kreatinini (daltoni 113) hupenya kwa urahisi, zikihama kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Taka kubwa zaidi hupita polepole. Albumini (daltoni 66,000 hivi) ni protini inayohitajika mwilini, hivyo hubakizwa. Taka zilizoshikamana nayo hubaki pia kwa sehemu kubwa.

Uwezo wa utando hupimwa kwa kiasi cha damu kinachoondolewa taka fulani kabisa kila dakika. Damu ikipita mililita 200 kwa dakika, na kiwango cha urea kikishuka kutoka 30 hadi 6, asilimia 80 imeondolewa. Hiyo ni sawa na mililita 160 kwa dakika.

Wagonjwa mahututi

Shinikizo la damu la mgonjwa mahututi mara nyingi huwa chini, hivyo usafishaji wa haraka unaweza kumdhuru. Wengi husafishwa polepole, saa 24 mfululizo. Hata hivyo protini hunata kwenye utando na damu huganda katika mirija, na uwezo wake hupungua. Kipimo kinachopendekezwa ni mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 ni hadi lita 36 kwa siku. Tafiti mbili kubwa, ya Marekani (2008) na ya Australia na New Zealand (2009), zilionyesha kwamba kuongeza kipimo hadi mililita 35 au 40 hakukupunguza vifo.

Historia

Daktari Willem Kolff alitengeneza mashine yake huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, kwa kutumia selofani ya kufungia soseji. Mgonjwa wake wa kwanza kupona kwa njia hiyo, mwanamke wa miaka 67, alitibiwa mwaka 1945.

Tanzania

Figo zinaweza kushindwa ghafla kutokana na maambukizi makali, kuhara sana au kuvuja damu wakati wa kujifungua. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya husafisha damu kwa mashine. Kwa barabara kuu, mgonjwa anayetoka Njombe kwenda huko hupitia Makambako, ambako barabara ya Songea hukutana na ile ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Saa za safari zina uzito, kwani potasiamu huendelea kupanda katika damu na inaweza kusimamisha moyo.

Njia nyingine ni kutumia utando wa asili wa tumboni, yaani peritoneo: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, huachwa yavute taka, kisha hutolewa. Husafisha polepole kuliko mashine, lakini unaweza kutumika bila umeme na bila kutoa damu nje ya mwili. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kutibu hivyo wagonjwa ambao figo zao zilishindwa ghafla mwaka 2009.