Vyungu Vilivyohifadhi Nasaba

Aghalabu mtu akitaka kuijua Marekani hukimbilia vitabu vya marais na vya vita. Humo atapata majina ya wakubwa na miaka ya mapigano, lakini hatajua watu walivyoishi majumbani mwao. Leo nawaletea wasomaji wetu vitabu vitatu vya Kiingereza, vyote vya mambo ya kweli wala si vya hadithi za kubuni, vilivyoingia Marekani kwa mlango wa jikoni.

Cha kwanza ni The Cooking Gene, cha Michael W. Twitty, kilichotoka mwaka 2017. Bwana huyu ni Mmarekani mweusi, mpishi na mtafiti wa mapishi ya kale. Alizunguka majimbo ya kusini akiwatafuta wazee wake waliokuwa watumwa, na kazi hiyo si nyepesi. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa hawakuandikwa majina. Waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, na ilipokuja sensa ya 1870 ndipo walipoandikwa majina yao kama watu wengine. Basi pale karatasi ilipomnyima jina, Twitty aliuliza chungu. Kunde, bamia na ufuta vilivuka bahari kutoka Afrika vikatia mizizi huko. Hata gumbo, mchuzi mashuhuri wa Louisiana, jina lake limetokana na neno la Kibantu lenye maana ya bamia.

Cha pili ni The Taste of Country Cooking, cha Bi Edna Lewis, kilichochapishwa mwaka 1976. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1916 huko Freetown, kijiji cha Virginia kilichoanzishwa na watumwa walioachwa huru, babu yake akiwa mmojawapo. Kitabu amekipanga kwa misimu ya mwaka, akaeleza kilichopandwa, kilichovunwa na waliokaa pamoja kula. Mna karamu ya kukumbuka siku ya uhuru wa watumwa. Alifundishwa kuitegea keki sikio ili ajue kama imeiva. Ni kitabu cha mapishi, naam, lakini pia ni tarehe ya ukoo.

Cha tatu ni 97 Orchard, cha Jane Ziegelman, cha mwaka 2010. Hiki kinasimulia jamaa tano za wahamiaji waliopanga katika jumba moja la New York lililojengwa mwaka 1863: Wajerumani, Wairishi, Waitalia, na jamaa mbili za Mayahudi. Mayahudi wameharamishiwa nguruwe kama sisi, kwa hiyo mafuta yao ya kupikia waliyapata kwa bata bukini, na wapo waliowafuga humo humo katika majumba yaliyosongamana. Ugeni na ufukara haukuwafanya waiache sharia ya chakula chao.

Tahadhari moja, msomaji. Katika vitabu hivi, hasa viwili vya mwanzo, nguruwe ametajwa sana, kwani ndiye nyama ya watu wa kusini. Ziruke kurasa hizo kama urukavyo dimbwi njiani, ushike safari ya tarehe.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wazee wa Twitty na wa Bi Edna walitiwa utumwani kwa nguvu, na asili hawakuiacha. Waliipika, wakawalisha wana wao. Sisi tunaojiita waungwana, tujiulize ni mapishi mangapi ya mabibi zetu yaliyozikwa pamoja nao kwa kukosa wa kuyaandika.

Atakayeweza kupata kimoja tu, naachukue cha Bi Edna. Akimaliza kukisoma, achukue daftari na kalamu, aende jikoni kwa mzee wake aliye hai.